Kwenye fishi ya CPN hakuna kolona ya roho

Wandugu, wale kati yenu waliofanya staji kwenye kituo cha afya wanaijua ile fishi ya CPN. Mama anapanda kwenye kilo, anapimwa tansio, anapimwa mkono, anaulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anatolewa damu juu ya VIH, anachomwa sindano ya pepopunda, anapewa vidonge vya fer na Fansidar, na kama stoki haijaisha anapewa chandarua. Kila kitu kina kolona yake. Mama anaweza kupita kolona zote, zote zikawa nzuri, kisha akarudi Lushebere akiwa ana wiki tatu hajalala vizuri, hana hamu ya kitu, anawaza kwamba yeye na huyo mtoto afadhali wasifike mwisho. Fishi haikumuuliza. Na muganga naye anaandika kile fishi inachouliza, maana inje benchi imejaa bamama wengine wanaongoja.

Sitaki kuwalaumu waganga wa vituo. Wanalipwa kidogo, wengine hawalipwi kabisa. Ninataka tuuangalie utafiti wenyewe, ule unaoamua fishi iulize nini na pesa ziende wapi. Utafiti juu ya matunzo ya depresio uko, tena mwingine ni mzuri sana, na mmoja wa ule unaojulikana zaidi ulifanyika hapa kwetu mashariki ya Kongo. Lakini ukiusoma ukiwa umemkumbuka mama wa Lushebere mwenye mimba ya miezi sita, utaona kwamba mlango uliofunguliwa kwake si ule anaoweza kuuingia.

Kwanza hesabu, kwa wale wanaodhani depresio ni ugonjwa wa wazungu. OMS inasema kwamba katika nchi zinazoendelea, wanawake kama 15.6 kati ya 100 wanapata shida ya akili wakiwa na mimba, hasa depresio, na 19.8 kati ya 100 baada ya kujifungua. Hiyo ni jumla ya nchi nyingi, zikiwemo zile ambazo watu wake wanalala wamevua viatu. Lushebere, kwa wasioijua, iko kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Masisi-centre, karibu na kufika. Kwa miaka mingi kijiji kimeishi bega kwa bega na kambi ya wakimbizi wa ndani, nyumba za udongo upande huu, mashitingi upande ule. Mapigano ya Januari 2025 yalipofika Masisi-centre, watu wengi sana walikimbilia ndani ya hospitali kuu, ile inayosaidiwa na MSF tangu 2007. Kati yao lazima walikuwemo wenye mimba. Mimba haingoji vita iishe.

Sasa tuje kwenye utafiti wetu. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha katika jarida la New England kazi iliyofanyika katika vijiji 16 vya mashariki ya Kongo. Walichukua wanawake walioteswa kingono au walioshuhudia mateso hayo, wenye dalili nyingi na ambao kazi za kila siku zimeanza kuwashinda. Vijiji vingine vilipewa matunzo ya mazungumzo kwa kikundi: kikao kimoja cha mtu peke yake na vikao 11 vya pamoja. Vijiji vingine vilipewa usaidizi wa kawaida, mama mmoja-mmoja na msaidizi wake. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapahapa, wenye angalau miaka minne ya shule baada ya msingi. Na kwa kuwa bamama wengi hawakusoma, mazoezi ya kuandika yaliondolewa, wakafundishwa kuyashika kichwani.

Matokeo? Miezi sita baada ya matunzo, katika kikundi cha mazungumzo wanawake 9 tu kati ya 100 walikuwa bado na dalili za depresio au wasiwasi mkubwa. Upande wa pili walikuwa 42. Ukiwa umezoea kusikia kwamba Kongo haiwezekani kitu, soma hizo namba mara mbili. Wanawake wasiojua kusoma, wakitunzwa na wasaidizi wasio na diploma ya udaktari, katikati ya vita, walipona kwa kiasi ambacho hospitali nyingi za Ulaya zingejivunia.

Ninaheshimu kazi hiyo. Lakini ina mambo mawili yanayonisumbua.

La kwanza ni la hesabu na nitalipita haraka: waliomaliza vipimo vyote vitatu walikuwa 65 kati ya 100 upande wa matunzo, na 52 upande mwingine. Yaani karibu nusu ya wale wa upande wa pili walikosekana kwenye kipimo kimoja au zaidi. Watafiti walisema wenyewe na walifanya mahesabu ya kurekebisha, hawakuficha. Ila sisi tunaoishi huku tunajua kwamba mwanamke anayepotea kwenye orodha si lazima awe amechoka na vikao. Amekimbia, ameolewa mbali, au ameenda kulima kwa watu ili apate franga za chumvi. Mara nyingi aliyepotea ndiye mwenye shida kuliko aliyebaki.

La pili ni lile la mlango. Ili uingie katika utafiti ule, ilibidi kwanza ujulikane kuwa mtu wa mateso ya kingono. Si kosa la watafiti peke yao. Mwaka 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani, na tangu hapo jina limetuganda. Pesa zilifuata jina. Programu zilifuata pesa. Ubakaji upo kweli, na kazi ya Dr Mukwege kule Panzi haikupewa Nobeli ya 2018 bure. Lakini ona kile kilichotokea upande wa akili: mwanamke wa Kivu alianza kuonekana kwa mtafiti siku aliyobakwa. Yule ambaye hakubakwa, ila bwana wake ameuawa au amekwenda kwenye machimbo hajarudi, ana mimba ya tano, anaishi chini ya shitingi ya dada yake na kila asubuhi anajiuliza kwa nini aliamka, huyo hana dosye. Na yule aliyebakwa kweli lakini hataki mtaa ujue, naye hana dosye, maana kuingia katika nyumba ile ya vikao ni kama kutangaza. Tunajua namna watu wetu wanavyohesabu nani ameingia mlango gani.

Sasa linganisha na Pakistan. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha katika Lancet utafiti wa vijijini karibu na Rawalpindi, wanawake 903, wote wenye mimba katika miezi mitatu ya mwisho, wote wakiwa na depresio. Waliowatunza ni bamama wa afya wa kijiji, walioajiriwa na serikali, waliopewa mafunzo ya siku mbili na siku moja ya kukumbushwa. Vikao vilikuwa 16, nyumbani kwa mama: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa mimba, vitatu katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha kimoja kila mwezi. Mtoto alipofika miezi sita, wenye depresio walikuwa 23 kati ya 100 kwa waliotunzwa, na 53 kwa wengine. Baada ya mwaka, 27 na 59. Mwaka 2015 OMS ilikifanya kitabu cha mafunzo ili nchi zote zikitumie.

Kilichonivutia katika kazi hiyo si namba, ni ujanja wa mlango. Hakuna aliyebisha hodi akisema "tumekuja kwa mama mgonjwa wa akili". Walisema wamekuja juu ya mtoto. Mamamkwe, ambaye angemfukuza mtu wa magonjwa ya kichwa, aliketi akasikiliza, maana mjukuu ni wake pia. Ndani ya hayo mazungumzo ya mtoto, mama alifundishwa kuyakamata mawazo yanayomvuta chini, kuyapima kama ni ya kweli, na kufanya kitu kimoja kidogo siku hiyo. Huku kwetu jambo hilo lingeeleweka mara moja. Tumboni mwa binti-mkwe kuna mtu wa ukoo wote.

Lakini na hapo tusipige makofi tu. Utafiti ule ulipangwa hasa kuona kama mtoto ataongezeka kilo na urefu. Hakuongezeka kwa tofauti ya maana. Aliharisha kidogo zaidi kuliko wengine? Hapana, aliharisha kidogo kuliko wengine, na chanjo zake zilikamilika zaidi, ila kilo na urefu vilibaki vilevile. Kuna watu walisoma hivyo wakasema basi faida ni ndogo. Mimi ninauliza: tangu lini kupona kwa mama kumekuwa faida ndogo? Mlango wa mtoto ni mzuri kwa kuingia, lakini ukishaingia umtazame mwenye nyumba. Tukisema tunamtunza mama juu ya mtoto peke yake, siku mimba itakapotoka tutakuwa hatuna sababu ya kurudi kwake, na siku hiyo ndiyo anatuhitaji zaidi.

Kuna kazi nyingine ambayo wapenzi wa vikao hawapendi kuitaja. Khayelitsha, mtaa wa maskini wa Cape Town, wanawake 425 wenye mimba na depresio. Wafanyakazi wa afya wa jamii waliwapa vikao sita. Matokeo yalitoka 2020: hakukuwa na tofauti ya maana kati ya waliotunzwa na wasiotunzwa. Namna ileile ya kumkabidhi kazi mtu asiye daktari, bara letuleletu, na haikushika. Watafiti wenyewe wanajadili kama vikao vilikuwa vichache au kama usimamizi ulikuwa hafifu. Mimi ninaongeza la kwangu: ukimfundisha mtu kupima mawazo yake kama ni ya kweli, uwe tayari kwa jibu kwamba ni ya kweli. Mama wa Khayelitsha anayewaza "sina cha kula kesho na bwana ananipiga" hajakosea kufikiri. Wa Lushebere vilevile. Kikao bila unga, bila mahali pa kulala, bila mtu wa kumwambia bwana aache fimbo, kinaweza kumfanya aone vizuri zaidi shimo alilomo. Sisemi vikao havifai. Pakistan walikuwa maskini pia na vilifaa. Ninasema yule anayekuja Masisi na kitabu cha OMS mkononi asituambie jambo limekwisha thibitishwa.

Na lugha je? Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote. Kipimo kinachotumiwa sana duniani kwa bamama ni kile cha Edinburgh cha 1987, maswali kumi. Waliokitunga walikuwa na akili: waliacha maswali ya hamu ya kula na ya uchovu, maana mimba yenyewe inabadilisha hayo, na la usingizi waliliuliza kwa namna ya pekee, kama unakosa usingizi sababu ya huzuni. Sasa kipeleke chini ya shitingi. Mama wa miezi minane halali sababu ya tumbo, sababu ya mvua inayoingia, sababu ya risasi za Jumatano. Nani atampambanulia ipi ni ya huzuni? Na kwa lugha gani? Watanzania wana neno sonona. Lipeleke sokoni Masisi uone kama kuna mtu atakuelewa. Sisi tunasema mtu "iko na mawazo mingi", wenye Kinyarwanda wanasema agahinda, na wenye Kihunde wana maneno yao ambayo mtafsiri wa Goma aliyezaliwa mjini hayajui.

Hili si jambo lisilo na dawa. Uganda walilifanya vizuri: kabla ya utafiti wa 2003 wa Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walienda kwanza kuwauliza wanakijiji shida zao wanaziitaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, la kujichukia na la kujihurumia, ndipo wakatengeneza kipimo, ndipo wakaanza matunzo ya vikundi katika vijiji 30. Na hapa nchini kwetu, Kinshasa, Bass huyohuyo alikuwa ameshafanya jambo kama hilo kwa bamama waliojifungua, kazi ikachapishwa 2008. Watu wa Kinshasa walimpa jina lao wenyewe: maladi ya souci. Dalili walizozitaja zilifanana sana na zile ambazo vitabu vinaziita depresio. Yaani ugonjwa ulikuwa na jina mtaani kabla mtafiti hajafika. Swali langu ni rahisi: kama Kinshasa wameulizwa, kwa nini Lushebere tupewe kipimo kilichokwisha kutafsiriwa hotelini?

(Kuhusu dawa nitasema kidogo. Marekani mwaka 2023 waliruhusu kidonge kipya, zuranolone, cha siku 14, kwa depresio ya baada ya kujifungua. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 15,900. Tuendelee. Dawa za zamani za bei ndogo ziko, lakini mwenye mimba hapewi hivihivi: OMS inataka mazungumzo yaanze, na dawa ije yakishindikana, kwa dozi ndogo inayofaa na kwa uangalizi. Naye anayezitumia tayari asiziache ghafla eti juu amepata mimba. Amuone muganga kwanza. Na yule anayesema anataka kufa haachwi peke yake hata usiku mmoja, anapelekwa hospitali.)

Kinachobaki ni muda. Vikao 16 vya Pakistan vinachukua karibu mwaka mzima. Mtaje mama mmoja wa kambi ambaye ana uhakika atakuwa mahali palepale mwaka mzima. Februari 2025 kambi kubwa za pembeni ya Goma zilifutwa kwa siku chache, watu wakaambiwa warudi makwao, wengi wao makwao ni hukuhuku Masisi. Matunzo yoyote yanayomtaka mtu abaki mahali pamoja yamepangwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Ndiyo maana kazi moja ya karibuni imenipa hamu. Rawalpindi tena, 2024, katika jarida la Nature Medicine: Pamela Surkan na wenzake walianza mapema katika mimba, na kwa wanawake wenye wasiwasi kabla haujawa depresio. Wanawake 1,200 waliingia. Vikao vya msingi vilikuwa sita tu, vikifanyika hospitalini pale mama anapokuja kupimwa mimba. Baada ya kujifungua, waliopata depresio walikuwa 12 kati ya 100 kwa waliotunzwa, na 41 kwa wengine. Ile shida ya wanaopotea iko na pale, maana waliopimwa mwishoni walikuwa 755. Lakini sikilizeni nani alitoa vikao: vijana wenye shahada ya kwanza ya saikolojia, wasio na utaalamu wa matibabu.

Vijana wenye shahada ya saikolojia. Goma wako wangapi? Wengine munasoma ukurasa huu hapa mukiwa mumekaa chini ya mwavuli munauza unite za simu.

Mlango wa CPN ni bora kuliko ile mingine miwili kwa sababu karibu kila mwenye mimba anaupitia angalau mara moja, na hakuna anayemhesabia aibu. Hata anayechelewa, na wetu wengi wanachelewa hadi mwezi wa tano au wa sita, bado ana miezi mitatu. Kwa hiyo utafiti ninaoutaka Masisi hauanzi na kikao, unaanza na kuuliza bamama wa kijiji na wa kambi, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda na kwa Swahili, lile jambo wanaliitaje na wanalitambuaje kwa jirani. Kisha maswali mawili au matatu kwenye fishi. Kisha vikao vichache, kila kimoja kikijitosheleza, ili anayekimbia baada ya cha pili awe amebeba kitu. Na upande mmoja wa vijiji upate vikao pamoja na msaada wa chakula au wa pesa, upande mwingine vikao peke yake, tuone Khayelitsha walikwama wapi.

Na malipo yaandikwe tangu mwanzo. Bamama wa afya wa Pakistan wana mshahara wa serikali. Ma-RECO wetu wanapewa tishati na kofia, na kidogo cha usafiri shirika likiwa bado liko. Ukimwongezea kazi ya kusikiliza huzuni za watu wakati naye ana zake, atafanya miezi miwili. Nimesoma TFC nyingi juu ya CPN, na karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini bamama hawaji mara nne. Wafinalisti wa mwaka huu, ulizeni basi wale wanaokuja wanarudi na nini.